Ukiishia ukurasa wa thelathini

Msomaji wetu wa Mwanza ameuliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, nina miaka 29. Mwaka huu niliweka nia ya kusoma vitabu 12. Nimenunua vitano vya kujijenga, vile vya mafanikio na kubadili tabia, na vyote nimeishia ukurasa wa thelathini hivi. Nikitoka zamu ya usiku nikishika kitabu nasinzia. Naomba unitajie vitabu ulivyovisoma mwenyewe karibuni, vya kunijenga lakini pia nifurahie. Au tatizo ni mimi?"

Marahaba mwanangu, na pole na zamu.

Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokuuma. Nimehariri vitabu kwa zaidi ya miaka ishirini, na vya aina hiyo uliyonunua vimepita mezani kwangu vingi. Najua vinavyosukwa. Mwandishi anakuwa na wazo moja, na pengine ni wazo zuri: weka akiba kabla hujatumia, amka mapema, acha kulaumu watu. Analimwaga lote kurasa za mwanzo ili mtu anayefunuafunua dukani alione na atoe pesa. Kinachobaki ni kurasa mia na hamsini za mifano. Fulani alikuwa fukara, akaamka mapema, leo ana kampuni. Mfano wa kwanza unakusisimua, wa tatu unaupitia juujuu, na ukifika wa sita kope zinagongana. Kwa hiyo ukiishia ukurasa wa thelathini, aghalabu kitabu umeshakimaliza, ila hakuna aliyekuambia.

Sisemi vitabu hivyo ni takataka. Kipo kimoja ninachokitetea kila mahali, *Man's Search for Meaning* cha Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili wa Vienna aliyepitia kambi za mateso za Wanazi, Auschwitz ikiwemo. Kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1946, na mwenyewe ameeleza kwamba alikiandika kwa siku tisa mfululizo. Nilikirudia mwezi wa pili. Kinachokivusha kitabu hiki ni kwamba nusu yake ya kwanza haihubiri. Inakuonyesha mtu ana kipande cha mkate na anaamua atakula chote sasa hivi au atabakiza. Ukifika nusu ya pili, kwenye nadharia ya tiba yake, ukitaka kuishia hapo mimi sitakulaumu.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni kwamba hivyo vitano uviache vipumzike kabatini, na hesabu ya vitabu 12 uiache vilevile. Hesabu inamfanya mtu achague vitabu vyembamba na kusoma akitazama mwisho uko wapi. Na usingizi baada ya zamu ya usiku ni haki yako, lala. Soma siku ya mapumziko, au ile nusu saa ya kwenye daladala.

Sasa vitabu. Ulitaka nilivyosoma karibuni. Vingine ni vya zamani ambavyo nimevirudia mwaka huu, na kwangu kurudia ni kusoma.

Kwa mtu aliyekwama, dawa ya kwanza ni hadithi ya upelelezi. Chukua *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyekuwa mhariri wa gazeti la *Mkulima*. Mswada wake ulishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na kitabu kikatoka 1960. Ni chembamba, unakimaliza siku mbili. Mtu ameuawa, maiti imekutwa mahali penye mzimu, na mji mzima umeshajijibu kwamba ni kazi ya mizimu. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni. Anauliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi, na anasikiliza kuliko anavyosema.

Nilipokuwa kijana nilikisoma kutafuta muuaji. Safari hii nilikuwa natazama jinsi Bwana Msa anavyouliza. Wewe ni muuguzi, utaniambia kama nakosea: mgonjwa akija na ndugu watano, ndugu wote watano wameshajua anaumwa nini, na anayejua kweli ni yule aliyenyamaza kwenye kona. Kuchukua historia ya mgonjwa na kupeleleza mauaji vinatumia sikio lilelile. Sijaona kitabu cha stadi za mawasiliano kinachofundisha hilo vizuri zaidi, na hiki hakina hata sura moja inayodai kufundisha.

Ukipenda mbio zaidi, kuna Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Hivyo havihitaji mapendekezo, ukianza tu vinakukokota.

Cha pili ni *Vuta n'kuvute* cha Adam Shafi. Kilitoka mwaka 1999, na mwaka 2021 Amil Shivji akakitengenezea sinema. Kama umeiona sinema usidhani umekisoma kitabu. Hapo ni Unguja ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Yasmin, binti wa Kihindi, mtoto bado, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye umri wa kumzaa. Anapotoka kwenye ndoa ile jamaa zake wenyewe wanamgeuka, na anayempokea ni Mwajuma, jirani wa Kiswahili asiye na kitu. Watu wengi hukisoma kwa ajili ya Denge, kijana wa siasa anayewindwa na makachero wa Mwingereza, na ni kweli sehemu zake zinapandisha moyo. Mimi nipo upande wa Mwajuma. Katika vitabu vya mafanikio mtu husifiwa kwa alichokusanya. Mwajuma hana kitu cha kutajwa, ila ana mlango, naye anaufungua. Tena ana mdomo! Kuna maneno yake nilicheka peke yangu kwenye foleni ya benki hadi mlinzi akanitazama.

Kama ulijifunza Kiswahili chako bara kama mimi, kitabu hiki kitakutajirisha kwa namna nyingine pia. Utakutana na maneno ya Unguja usiyoyajua. Usikimbilie kamusi kila mara, endelea tu. Neno likirudi mara ya tatu litakuwa limeshajieleza.

Sasa nifike kwenye kitabu kilichonishika mwaka huu kuliko vyote, ambacho wewe uliye Mwanza una haki nacho kuliko mimi. Ni *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Jina refu, na kitabu chenyewe kinene kama tofali. Aliyekiandika ni Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe, hapo ng'ambo ya maji kutoka kwenu. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma seminari ya Rubya. Alikiandika kwa Kikerewe na akakikamilisha mwaka 1945. Nani angechapa riwaya nene namna hiyo kwa lugha ya kisiwa kimoja? Hakupatikana. Mzee akakaa na mswada wake. Mwishowe akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakautoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano ilipita tangu aweke kalamu chini hadi kitabu kutoka. Mimi huwaambia waandishi wanaonipigia simu kila wiki kuuliza mswada umefika wapi: mtafuteni Kitereza.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Myombekere na Bugonoka ni mume na mke, wanapendana, hawana mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno. Wazazi wa mke wanayasikia, wanakasirika, wanamchukua binti yao. Mume anabaki peke yake na nyumba yake. Anakwenda ukweni kumwomba mkewe arudi, na wakwe hawamrahisishii. Wanamtoza pombe. Aende akatengeneze pombe ya ndizi, ailete, ndipo wazungumze.

Hapo ndipo kitabu kinapompoteza msomaji mwenye haraka na kumnasa mwenye subira. Kitereza harukii kwenye mazungumzo. Anakupeleka shambani kutafuta ndizi. Unaivisha ndizi, unakamua, unachachusha, unaomba watu wa kukusaidia kubeba. Kurasa nyingi! Mara ya kwanza, nikiwa kijana, niliziruka. Mwaka huu nilizisoma zote taratibu, na nikagundua kwamba nilikuwa nimeruka moyo wa kitabu. Mwanamume yule hasemi popote kwamba anampenda mkewe. Mapenzi yake yamo kwenye vyombo vile vya pombe, kimoja baada ya kingine, na mgongo unaouma. Ukimaliza kurasa zile unajua jinsi mkwe anavyosimama mbele ya mama mkwe, nani anamwamkia nani kwanza, na kwa nini kuomba radhi ni kazi ya mikono kabla haijawa ya mdomo.

Baadaye wanatafuta tiba, wanapata mganga, na ndipo wanapokuja Ntulanalwo na Bulihwali uliowasoma kwenye jina la kitabu, kwa hiyo sijakuharibia utamu. Nakufikiria wewe na wagonjwa wako. Bila shaka umewaona wanawake wanaokuja kliniki peke yao kuulizia mtoto, mume yuko nje kwenye pikipiki au hakuja kabisa, na mama mkwe anapiga simu. Myombekere, wa zama zile kabla ya wageni, alikwenda mwenyewe. Nadhani ukikisoma utawatazama wagonjwa hao kwa jicho jingine, na wanaume zao pia.

Kukipata ni kazi, nisikudanganye. Nakala yangu ya kwanza nilimwazima mtu ninayemheshimu sana mwaka 2009. Tukionana siku hizi tunazungumzia mvua. Ya pili niliikuta kwa muuza vitabu vya mitumba, haina jalada, na mtu ameandikia hesabu za maziwa ukurasa wa mwisho. Jaribu maktaba ya mkoa hapo Mwanza, uwaulize wahudumu, usiishie kutazama rafu tu. Ukikipata na ukabahatika siku mbili za mapumziko, panda meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, nacho. Mimi ningefanya hivyo.

Hukohuko Ukerewe ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, na yeye pia ningekutajia, ila kwa tahadhari. *Rosa Mistika*, riwaya yake ya kwanza, ilitoka 1971 ikapigwa marufuku mashuleni. Inaanzia nyumbani kwa Rosa, ambako baba anampiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana, na kipigo kile kinamfuata hadi mwisho. Ni kitabu cha lazima kwa yeyote atakayelea mtoto wa kike. Lakini ni kizito, na mwisho wake unakata maini. Usikisome kipindi ambacho wodini kumetokea msiba. Mashairi yake ya *Kichomi*, ya mwaka 1974, yanafaa zaidi kwa kuanzia. Kwako wewe kichomi ni ugonjwa wa kupeleka kwa daktari, na yeye alikuwa na maumivu ya aina hiyohiyo kichwani mwake. Aliyaandika bila vina wala mizani, na wazee wa ushairi wakamjia juu kwelikweli. Nimeyasoma tena mwezi uliopita na bado sijaamua niko upande gani. Masikio yangu yanataka vina.

Kwa upande wa mashairi kuna kitabu kingine ambacho ningependa kikae kwenye mkoba wako wa kazini: *Sauti ya Dhiki* cha Abdilatif Abdalla. Alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya waraka ulioitwa *Kenya: Twendapi?*, akakaa ndani miaka mitatu, na humo gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa 1973. Shairi moja kwa mapumziko mamoja ya chai linatosha. Kiswahili chake ni cha Mombasa na kina ugumu wake, lakini beti nyingine zinaingia hata kabla hujazielewa, kama dripu.

Umetaja "kujijenga" kana kwamba ni kitu kilichokuja na hivyo vitabu vya jalada la kung'aa. Kwetu kina kabila lake la maandishi, linaitwa wasia. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akijua hali yake, alimtungia binti yake utenzi. Anamwita mwanawe asogee na wino na karatasi, akae, aandike. Karibu miaka mia baadaye Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni aliyekuwa akihamishwa kituo hadi kituo, alimtungia binti yake utenzi wa *Hati*, naye anaanza kwa kumwambia binti akae kitini aandike. Mwanawe wa kiume alikuwa na utenzi wake pia, *Adili*. Zote mbili zimo ndani ya *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*, pamoja na habari za mkewe Amina aliyefariki, na kazi, na safari.

Mwana Kupona utagombana naye. Yale ya jinsi ya kumtumikia mume utayasoma ukikunja uso, na binti yangu mwenyewe alinirudishia kitabu akasema, "Baba, hapana." Sawa. Lakini umeshakaa kando ya kitanda cha mama anayejua kwamba anaondoka, ukamsikia anavyomwachia mwanawe maagizo. Jaribu kuusoma ukiwa umekaa hapo. Wa Shaaban Robert ni rahisi kuupenda. Sijui kwa nini vitabu vya mafanikio vinatuita sote "mshindi" na "kiongozi". Wasia unamwita mtu mwanangu, na anayesema anakufa au anazeeka, hana cha kukuuzia.

Nimebakiza kimoja. *Peponi* ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar na kushinda tuzo ya Nobel mwaka 2021. Yeye aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka 2022 Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaambiwa aage wazazi wake aondoke na tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwita kwa jina la undugu. Anafurahia treni. Huko alikopelekwa, kijana mwenzake dukani ndiye anayemfungua macho kwamba yule si ndugu yake hata kidogo. Baba alikuwa na deni, na Yusuf ndiye rehani. Nilikuwa nimekisoma kwa Kiingereza zamani na nikakipenda kwa heshima tu. Kwa Kiswahili nilihisi nimeingia nyumba niliyokuwa naichungulia dirishani. Wanaodharau tafsiri waanze na hiki.

Kuhusu pesa, maana mshahara wa muuguzi naujua. Vipya vya wachapishaji wetu utavipata kwa kuagiza duka la Tanzania Publishing House (TPH) lililopo Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, ndugu akija anakubebea. Vya zamani ni mitumba na maktaba. PDF zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp sitakushauri. Siyo kwa sababu ya kazi yangu peke yake, ingawa na hiyo ipo. Simu ileile inayokuletea kitabu ndiyo inayokuletea ujumbe wa mwenzako anayeomba mbadilishane zamu, na ukishaujibu huo hurudi kwa Yusuf.

Kama ningekuwa karibu ningekuazima *Mzimu wa Watu wa Kale* leo, licha ya yaliyonikuta mwaka 2009. Anza nacho. Ukifika katikati kiweke chini kidogo, uandike mahali jina la mtu unayemshuku, halafu uendelee. Kikiisha niandikie ulimshuku nani. Mimi nilikuwa na hakika kabisa, na nilikuwa nimekosea.